Kungoja ya Tatu

Joto lilipoanza kumpanda Zaituni Mukarugwiza, lawama ya kwanza iliiangukia pasi. Alikuwa fundi wa rido, yale mapazia mazito ya sebuleni ambayo watu wa Kamembe hawahamii nyumba bila kuyatundika, na kazi hiyo inataka pasi kuliko inavyotaka sindano. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, urithi wa baba yake. Kwa hiyo kifua kilipowaka ghafla, moto ukapanda shingoni mpaka masikioni, na jasho likamtiririka chini ya mtandio hadi kitambaa cha mteja kikalowa, kila aliyekuwapo alisema ni pasi. Akanunua ya umeme. Joto likaja vilevile, tena likaanza kumfuata mahali pasipo na pasi: sokoni, msikitini upande wa wanawake, kitandani.

Lawama ya pili iliiangukia malaria, ambayo huku kwetu haikosi kutajwa katika kesi yoyote. Zaituni alikwenda duka la dawa, akanunua vidonge bila kupimwa damu, akavimaliza. Baada ya wiki chache akanunua vingine. Joto halikushtuka. Lilikuwa na ratiba yake: linapanda, linamlowanisha, linashuka, kisha linamwacha akitetemeka kwa baridi na kutafuta shuka aliyoitupa mwenyewe. Usingizi ulikatika vipande vipande. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu anachambua maharage. Yeye aliyekuwa akikumbuka vipimo vya madirisha ya nusu ya mji bila kuviandika, alikata rido za mteja mmoja zikatoka fupi, zikaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Alipoambiwa, alimfokea mteja, halafu akalia mbele yake. Alikuwa na miaka arobaini na sita, au saba, kutegemea unamwamini nani kati ya mama yake na kitambulisho.

Haya yote yangebaki mambo ya mwili wake na ushauri wa majirani, kama yasingekuwa yamekwisha kumletea talaka.

Mumewe, Kamali Yusufu, aliuza vipuri vya pikipiki. Alikuwa na duka Kamembe na jingine ng'ambo ya mto wa mpakani, Bukavu, na huko Bukavu alikuwa pia na mke mdogo, jambo ambalo Zaituni alilipigia kelele mwaka wa kwanza na kulizoea mwaka wa pili. Kamali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusikia baridi. Alilala na soksi, na dirisha la chumbani alitaka lifungwe kwa komeo, akidai upepo wa ziwa unamwingia mifupani. Zaituni akiamka amelowa alilifungua. Kamali akiamka anapiga chafya alilifunga tena. Hakuna aliyemweleza mwenzake kwa nini, kwa sababu mmoja hakujua na mwingine hakuuliza. Wakaenda hivyo miezi mingi, mpaka asubuhi moja Kamali, akiwa na mafua na hasira, alisimama sebuleni na koti lake.

"Basi, ubaki na dirisha yako," alisema. "Mi nimekuacha."

Ikawa talaka moja, kwa sababu ya dirisha. Mji ulicheka siku chache, kisha ukarudi kwenye shughuli zake. Nyumba ilikuwa ya Zaituni, aliyoachiwa na baba yake, kwa hiyo aliyefungasha ni Kamali. Alivuka mto na masanduku mawili, akaacha foteyi yake, kiti kikubwa cha mikono kilichovikwa plastiki, ambacho tangu siku za harusi hakuna mwingine aliyekikalia. Alisema atakuja kukichukua.

Sasa, talaka moja haikati kamba siku hiyohiyo. Mwanamke anakaa eda mpaka aone siku zake mara tatu. Ndani ya muda huo mume ana haki ya kumrudisha kwa neno moja mbele ya mashahidi, bila mahari mpya na bila kumuuliza kama anataka. Ikiingia ya tatu, mlango umefungwa. Hapo mume akimtaka tena aje apose kama kijana yeyote, na mwanamke ana ruhusa ya kukataa.

Zaituni alikuwa amekusudia kukataa. Jambo hilo lilimshangaza mwenyewe. Wiki ya kwanza alilia, wiki ya pili alilala na dirisha wazi, na katika wiki zilizofuata aligundua kwamba jioni hasikilizi tena kikohozi cha mtu getini ili ajue kama siku imekwenda vizuri au vibaya. Mabinti zake watatu walikuwa wameolewa, mkubwa wao, Rehema, Kigali, na wale wawili Bujumbura. Alikula alichotaka saa aliyotaka. Alikuwa na furaha, na aliificha kwa sababu mwanamke aliyeachwa hategemewi kuwa na furaha.

Ya kwanza ilikuja mapema, kabla hata hajaitarajia. Ya pili ilichelewa, na ilipokuja ilikuja kwa fujo, ikamlaza. Ya tatu haikuja.

Kila Ijumaa, baada ya sala, Honorine alipita kuuliza. Huyu alikuwa mke wa Shehe Idrisa. Aliposilimu alipewa jina la Hanifa, akalipenda, lakini Kamembe nzima ilishindwa kuacha kumwita Honorine, na mwishowe hata shehe alishindwa. Mambo ya wanawake yalifika kwa shehe kupitia kwake. Aliketi kwenye mkeka, akapokea chai, akasifu kitambaa kilichokuwa juu ya cherehani, kisha akainua nyusi.

"Bado?"

"Bado," alisema Zaituni.

Zikapita Ijumaa nyingi za namna hiyo. Honorine alianza kuleta sukari yake mwenyewe.

Siku moja hakuinua nyusi. Alimtazama Zaituni akijipepea kwa kipande cha karatasi, uso umeiva, jasho linadondoka puani, na akaweka kikombe chini.

"Maman Rehema, usikasirike. Haiko mimba?"

Zaituni aliacha kujipepea. Neno hilo lilikuwa limemzunguka kichwani kwa muda, na yeye alikuwa akilikwepa jinsi mtu anavyokwepa kukutana na mwenye nyumba. Kamali alikuwa na mabinti watatu kwake, na kwa mke mdogo mabinti wawili. Akisikia kuna mimba, ambayo inaweza kuwa ya mtoto wa kiume, hatangoja jua lizame. Na mwenye mimba eda yake haimaliziki mpaka ajifungue. Tayari alikuwa ametuma salamu kutoka Bukavu kwamba siku moja hivi atakuja kutazama foteyi yake, na Zaituni alijua vizuri kwamba hakuna mtu anayevuka mpaka kutazama kiti.

"Sijui," alisema. "Mi mwenyewe siko najua mwili wangu."

"Shehe anasema hivi," Honorine aliendelea. "Kama ile ya tatu imegoma juu ya umri, banachuoni habakubaliane. Yeye anaona mwaka: miezi tisa ya kuhakikisha tumbo iko tupu, na tatu ya kuhesabu. Lakini anataka neno ya munganga kwanza. Enda bakupime."

Kwenda kupimwa ni rahisi kusema. Kituo cha afya cha karibu, aliyekaa mapokezi alikuwa mpwa wa Kamali. Muuguzi mmoja alikuwa mteja wake wa rido, na yule mwingine alikuwa na mdomo. Zaituni alifikiri, akaamua kwenda mbali, mahali ambapo hakuna anayemjua: Mibirizi, kwenye hospitali ya misheni, huko juu vilimani, ambako mwanamke mwenye mtandio ni mgeni tu kama wageni wengine.

Alichukua pikipiki ya Muhigirwa, kijana mpole wa kwenye kituo cha pikipiki. Alimwambia anakwenda kumwona mgonjwa. Muhigirwa alimkimbiza kama anavyokimbiza kila abiria, wakapita migomba ya Gashonga, mihogo ya Gashonga, na mashimo ya Gashonga, na Zaituni akafika akiwa ameshikilia mtandio kwa mkono mmoja na roho kwa mkono mwingine. Alimwomba amngoje. Muhigirwa aliegesha pikipiki mbele ya lango, akanunua hindi la kuchoma, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alitazama.

Alichoona ni hiki: Maman Rehema, mke wa Kamali wa vipuri, hakwenda kwenye wodi za wagonjwa. Alielekezwa upande wa wazazi, akaketi kwenye benchi katikati ya wanawake wenye matumbo.

Zaituni kwenye benchi lile alijiona mjinga. Angeweza kuwa mama wa wote waliokaa pale, na wa mmoja angeweza kuwa bibi. Alipoitwa ndani alikutana na mkunga wa makamo aitwaye Mukabalisa, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye kona. Mukabalisa alimsalimu kwa Kinyarwanda, na aliposikia lafudhi ya Kamembe alihamia Kiswahili, kwa sababu alisoma huko.

Aliuliza mengi na hakuwa na haraka. Siku zake zinakujaje? Ya mwisho ilikuja lini? Zilikuwa nyingi au kidogo? Joto linaanzia wapi, linakaa muda gani? Analala? Moyo? Viungo? Anasahau? Analia bila sababu? Kila swali Zaituni alipolijibu, aliona kwamba lile linalofuata linamjua tayari. Alikuwa amebeba vitu hivi kimoja kimoja kwa zaidi ya mwaka, akidhani ni magonjwa tofauti, na huyu mwanamke alikuwa akivitaja kwa pamoja kama watoto wa familia moja.

"Dawa gani umekunywa?"

"Ya malaria."

"Nani alikupima malaria?"

Zaituni alitazama miguu yake. "Mbele ya hapo nilibadilisha pasi," alisema, akidhani jambo hilo litamsaidia.

Mukabalisa alivua miwani ili acheke vizuri. Kisha alimpima presha, akampeleka kutolewa damu ili waone kama ile ya mara ya pili haikumwacha na upungufu, akampima malaria na mimba. Walingoja majibu. Zaituni alihesabu vigae vya ukuta, akapoteza hesabu, akaanza tena.

"Mimba hakuna," alisema Mukabalisa aliporudi na majibu. "Malaria hakuna. Presha iko sawa. Damu imepungua kidogo, nitakupa vidonge. Maman, huumwi. Unavuka. Mayai yanaanza kwisha, na ile homoni yenye kupanga siku zako inapanda na kushuka bila mpango. Kichwa kinadanganyika, kinafikiri mwili umeungua, njo kinaamuru jasho. Benyi umri wako wengi banapitia hapa, ila kila moja anafikiri ni yeye tu."

Alimweleza namna ya kuishi nalo: nguo nyepesi zinazovulika kirahisi, chai na kahawa asinywe jioni, atembee kwa miguu, alale na dirisha wazi. Akasema zipo dawa kwa wale wanaozidiwa, na kwamba akiona usiku haulaliki kabisa arudi azungumze na daktari, asikimbilie duka la dawa. Damu ikitoka nyingi mno kama ile ya pili, arudi vilevile. Na kama ana mume, akumbuke kwamba bado mimba inaweza kushika.

"Dirisha wazi," Zaituni alirudia.

"Ndiyo. Hata hewa kidogo inasaidia."

Kwanza Zaituni aliona aibu, kisha nafuu kubwa, na ndani ya nafuu ile kulikuwa na uchungu. Alifikiria Kamali amesimama sebuleni na koti na mafua. Kama kuna mtu angewaambia wote wawili maneno haya mwaka uliopita, huenda wangenunua blanketi moja zaidi.

"Inaisha lini?" aliuliza.

"Hakuna anayejua. Mwezi huu inaweza kukosa, mwezi ujao ikaja. Ukikaa mwaka mzima bila kuona hata tone, hapo tunasema imefunga. Ukiona katikati, hata kama ulibakiza wiki, unaanza kuhesabu upya. Na ukishamaliza mwaka, kisha uone damu, usikae nyumbani hata siku moja. Kuja."

Njiani kurudi, Muhigirwa aliendesha polepole mno. Kila shimo alilizunguka. Kwenye mteremko alishuka kabisa, akasukuma pikipiki kwa miguu, akamwuliza kama yuko sawa, kama hajisikii kutapika, kama angependa kupumzika chini ya mgomba. Zaituni alidhani kijana amepata adabu. Alikuwa na mengine ya kufikiri na hakulichunguza jambo hilo.

Alikuwa akifikiri juu ya ile miaka miwili. Mukabalisa ana mwaka wake, shehe ana mwaka wake, na urefu ni uleule. Lakini kwa Mukabalisa damu ikija inaharibu hesabu yote, na kwa shehe damu ikija ndiyo inayoimaliza. Hakujua aombe nini. Alipofika Kamembe alikuwa ameamua kuomba ya shehe: damu ije.

Ijumaa iliyofuata alimweleza Honorine yote, na Honorine akayapeleka. Shehe aliridhika: kama ni umri, basi ni mwaka, ila ya tatu ikitokea kabla ya hapo, eda imekwisha palepale inapoanza. Katika muda huo wote Kamali alikuwa na haki ya kusema neno lake.

Honorine alikaa na kikombe chake muda mrefu kuliko kawaida. Alikuwa mwanamke mwaminifu, lakini alikuwa pia mwanamke.

"Kwa mambo ya mwili, neno ya mwanamuke njo inapokelewa," alisema, akitazama ukuta. "Hakuna mwenye atakuchungulia. Bengi bangesema imekuja, na bangelala."

Zaituni alimwelewa vizuri. Wazo hilo lilikuwa limelala naye kitanda kimoja. Angesema neno moja, na Kamali angeambiwa amekwisha chelewa. Alifungua mdomo. Lakini yeye alikuwa fundi. Rido ukidanganya kipimo, hakuna anayejua wakati wa kukata, wala wakati wa kushona. Siku ya kutundika ndipo kila anayeingia anaona. Tena alikuwa anasali mara tano, na hakutaka kuanza kusali kwa kujificha.

"Bado," alisema.

Honorine alipumua, akaosha kikombe chake, akaenda.

Wakati huo Muhigirwa alikuwa amerudi kazini, na kituo chake cha pikipiki kiko mita chache kutoka duka la Kamali. Hakuwa na nia mbaya. Alimpongeza tu kijana wa dukani kwamba tajiri wake amebarikiwa. Kijana wa dukani alimwambia dada yake Kamali. Dada yake Kamali alikuja kwa Zaituni na sahani ya maandazi ya limau, akamkagua tumbo lililokuwa limeongezeka kidogo kama matumbo yanavyoongezeka umri huo, akaondoka bila kusema alichofuata. Habari ikavuka mto.

Jumatano, Zaituni alikuwa amepiga magoti sakafuni, akipima tuli nyeupe, kile kitambaa chepesi cha wavu, ya nyumba ya mtu wa Gihundwe, alipohisi maumivu ya zamani kiunoni. Hakuyaamini. Alikwenda msalani, akatazama, akarudi, akaketi kwenye mkeka na mikono mapajani. Kisha akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika, mpaka machozi yakamtoka. Mwaka wa Mukabalisa ulikuwa umeanguka. Hakuna kitu kilichomfurahisha zaidi maishani, na hakuna mtu wa kumwambia.

Alitaka kumkimbilia Honorine. Akajizuia. Mukabalisa alikuwa amemwambia umri huu hutoa matone yanayokuja na kuondoka, na Zaituni hakutaka kupeleka neno ambalo kesho atalirudisha. Angengoja aone inakaa. Kesho yake ilikuwa imekaa, tena kwa wazi, kama zile alizozijua miaka yote. Alijiambia Ijumaa si mbali. Honorine atakuja, atainua nyusi, na atapata jibu jipya.

Alhamisi hiyohiyo, baada ya alasiri, Kamali alikohoa getini.

Hakuwa peke yake. Alikuja na Shehe Idrisa, aliyempitia msikitini akimwambia ana jambo la heri, na Nzabonimpa, mwenzake wa biashara, mzee mnene mwenye fimbo. Honorine alikuja nyuma yao, anahema, amevaa kandambili mbili zisizofanana. Alimtazama Zaituni kwa macho ya mtu aliyechelewa kuleta habari.

Kamali alikaa kwenye foteyi yake. Plastiki ikalia. Alikuwa amenyoa na kujipaka manukato, na alionekana amekonda. Aliulizia mabinti, akaulizia kazi, kisha akaweka mikono juu ya magoti.

"Maman Rehema, nasikia uko na mimba. Nimefurahi. Nimekuja na bantu ili tuondoshe ile mambo ya dirisha."

"Nani alikuambia?"

"Bantu balikuona Mibirizi. Kwenye benchi."

Hapo ndipo Zaituni alipoelewa ile safari ya polepole. Alimsamehe Muhigirwa papo hapo, kwa sababu alikuwa na mtu mwingine wa kushughulika naye. Sebule ilikuwa imejaa wanaume, na kitu alichopaswa kukitaja hajawahi kukitaja mbele ya mwanaume yeyote, hata huyu aliyelala naye miaka ishirini na zaidi. Joto lilianza kumpanda kifuani. Aliliacha lipande.

"Haiko mimba," alisema. "Balinipima. Ni umri. Siku za mwanamuke zinaanza kufunga, njo zinaleta joto na jasho, na usingizi unakatika. Haiko malaria, haiko pasi. Niko navuka, kama kila mama anavuka."

Nzabonimpa alitazama dari kwa bidii. Shehe aliinamisha kichwa. Uso wa Kamali ulianguka, na Zaituni aliona wazi kilichoanguka: mtoto wa kiume aliyekuwa amembeba kutoka Bukavu kichwani mwake, pengine na jina tayari. Alimwonea huruma.

Lakini Kamali alikuwa amekuja na mashahidi, na mwanaume aliyekuja na mashahidi hajui namna ya kuondoka mikono mitupu.

"Mimba ao hapana," alisema, akijinyoosha, "eda yako ingali. Shehe, Mzee Nzabonimpa, musikie. Mi namurud—"

"Imekuja," alisema Zaituni.

Kamali alikwama katikati ya neno.

"Nini imekuja?"

"Ya tatu. Jana."

Kamali akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Jana? Miezi yote hii bado, bado, bado. Mi nakuja leo, na imekuja jana?"

Zaituni mwenyewe alisikia jinsi neno lake lilivyosikika. Ukweli wake, aliouchunga Ijumaa zote zile, ulikuwa umetoka ukiwa na sura ileile ya uongo aliokataa kuusema. Alimtazama Honorine, na Honorine alikuwa amefunga mdomo kwa kiganja. Aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye benchi la Mibirizi.

Shehe Idrisa hakumgeukia Kamali. Alimgeukia mkewe.

"Ulikuja hapa kumuuliza mara ngapi?"

"Kila Ijumaa," alisema Honorine.

"Alisema nini?"

"Bado."

"Kuna siku alisema ingine?"

Honorine alishusha kiganja. Pengine alikuwa akikumbuka ile siku aliyokuwa akitazama ukuta. "Hakuna," alisema. "Hata pale ilikuwa rahisi, alisema bado."

"Basi." Shehe alijipangusa magoti ya kanzu. "Kamali, huyu mwanamke alikuwa na mlango wa kutokea wazi kila wiki, na hakuna ambaye angemshika. Hakutoka. Aliposema bado, tulimpokea, na wewe haki yako ikabaki. Leo amesema imekuja, tunampokea vilevile. Eda imekwisha. Ukimtaka, posa upya, na yeye aulizwe."

Kamali alimtazama Zaituni. Sasa hakukuwa na hasira usoni mwake, ila uchovu.

"Na ukiulizwa?"

"Nitakataa," alisema Zaituni.

Nzabonimpa alikuwa wa kwanza kuinuka, akisingizia sala. Alipompita Zaituni alisita, akainamisha fimbo yake, akauliza kwa sauti ya chini kama huyo mkunga wa Mibirizi anapokea watu kila siku, kwa maana kule nyumbani mkewe anatupa mablanketi na wamekwisha kumlisha vidonge vya malaria mara tatu. Zaituni alimwambia amtafute Mukabalisa. Shehe na Honorine wakatoka naye.

Kamali alibaki nyuma mlangoni. Alikuwa akiligusa komeo la mlango bila sababu.

"Ile joto," alisema. "Inauma?"

Katika miaka yote ile, kwenye uzazi wa mabinti watatu, kwenye homa, kwenye msiba wa baba yake, Zaituni hakukumbuka kama Kamali amewahi kumuuliza kama kitu kinauma.

"Haiumi. Inapita."

"Kumbe ile dirisha ilikuwa juu ya hiyo."

"Njo hiyo."

"Ungeniambia."

"Hata mi sikujua, Kamali."

Alitikisa kichwa, akasema atatuma watu kesho waje kuchukua foteyi, akaenda. Zaituni alimsikia akikohoa mpaka kwenye kona. Kisha alikaa kwenye foteyi, kwa mara ya kwanza, ikiwa bado na joto lake, akalia. Alilia kwa sababu alikuwa huru, na kwa sababu lile swali lilikuwa limechelewa kidogo tu.

Alipomaliza alifuta uso kwa kipande cha tuli, akasimama, akafungua dirisha la sebuleni, na kuanza kuhesabu mwaka wa Mukabalisa upya.